Osokonoi: Ikiua bakteria, wewe je?

Kaa kwenye bucha yoyote Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, uagize supu ya mbuzi. Kabla kikombe kipoe, mtu atakushauri uongezewe dawa ya Kimaasai. Mara ni olkiloriti, mara gome la osokonoi, lile linalowasha ulimi kama pilipili. Eti linaua kila kidudu.

Sawa, lakini linaua kidudu gani? Kwa kiasi gani? Na wewe linakuacha salama?

Osokonoi, ambao Wakikuyu huuita muthiga, ni mti wa msituni. Jina lake la kisayansi ni Warburgia ugandensis. Wazee wa Kajiado wanaujua kwa kikohozi, jino na tumbo. Wanasayansi nao hawakuupuuza: mwaka wa 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao, waliofanya kazi na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, walitangaza kemikali waliyoiita warburganali. Ilifanya viwavi wagome kula majani, na baadaye ikaonekana kali dhidi ya kuvu. Hapo wazee wana haki ya kutabasamu. Shida ni kwamba kemikali hiyohiyo ilionekana pia kudhuru seli hai. Sumu ya kidudu haiulizi kwanza wewe ni nani.

Kupima si uchawi. Gome hukaushwa, husagwa, hulowekwa. Kikaratasi chenye dawa huwekwa kwenye sahani iliyopandwa bakteria, tuseme Staphylococcus aureus, yule wa majipu. Sahani hulala kwenye joto la nyuzi 37, na asubuhi unapima kwa rula mduara ambao bakteria hawakumea. Pembeni kuna kikaratasi cha antibiotiki inayojulikana, na kingine chenye kiyeyushi tupu, tusije tukasifu gome kwa kazi ya kiyeyushi.

Wasee wanaouza dawa mtandaoni hukomea hapo: picha ya mduara, bei, nambari ya M-Pesa. Hawakuambii kwamba mara nyingi gome la maabara limelowekwa kwa methanoli, na hiyo ni sumu, hakuna anayepikia supu. Maji huchomoa vitu vingine. Tena kiwango kilichotosha kwenye sahani huenda kisifike kamwe kwenye damu yako.

Usalama hupimwa kivyake, kwa seli na kwa panya, ambao mara nyingi huangaliwa siku 14 baada ya dozi moja. Siku 14 za panya hazimjibu mama mjamzito, wala msee anayechanganya gome na tembe za hospitali.

Supu yenu sina noma nayo. Chupa ya plastiki isiyo na lebo, inayouzwa stejini eti inatibu kisonono, ndiyo inaniogopesha. Dawa za mitishamba husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Uliza nambari. Muuzaji akikasirika, rudisha pesa mfukoni, uende ukapimwe.