Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Iringa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 57 ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Njombe na Rukwa, wazalishaji wenzake wa mahindi, walifikia takriban nusu. Kudumaa kuna sababu nyingi, maradhi na kazi nzito za mama zikiwemo. Lakini miradi ya kilimo imezoea kupima mafanikio kwa magunia, na gunia halisemi nani amekula nini.

Kipo kipimo kinachouliza hilo. Mwanamke wa miaka 15 hadi 49 huulizwa alichokula jana, kutwa na usiku, kisha vyakula hupangwa katika makundi 10. Akifikisha matano, kuna matumaini kwamba anapata vitamini na madini ya kutosha.

Karatasini ni kazi nyepesi; jikoni sivyo. Mama akijibu "ugali na mboga", mdodosaji asiandike na kuondoka. Mboga gani? Matembele na kabichi haviko kundi moja. Imeungwa kwa karanga? Kiasi gani? Kitu kisichofika gramu 15 hakihesabiwi. Na msimu je? Machi majani yamejaa uani; Oktoba bustani nyingi zimekauka. Mradi ukipima mwanzo wake kiangazi na mwisho wake masika, utajisifu kwa kazi ya mvua.

Mlo una gharama yake kwa mazingira pia, lakini hesabu nyingi za hewa ukaa huishia shambani au dukani. Maharage huchafua hewa kidogo mno kuliko nyama ya ng'ombe, ni kweli. Lakini yakitokota juu ya mkaa kwa saa mbili, mti uliokatwa nao ni sehemu ya mlo. Kuyaloweka usiku kucha kunapunguza muda huo, na dodoso lisilouliza habari za moto haliwezi kuliona jambo hilo.

Wanaopanga miradi wapime katika misimu yote, wahesabu na nishati ya kupikia, kisha wamrudishie majibu mama waliyemhoji. Yeye ndiye atakayeamua kesho kipikwe nini, na takwimu zisizomfikia hazibadilishi sahani ya mtoto wake.