Ukienda likizo nyumbani, kata umeme wa gari kwanza

Ndugu zetu wa Doha, wengi wetu hatuna gari. Lakini wapo waliochanga wawili watatu wakanunua gari kuukuu la kwendea kazini. Kila likizo ikiisha tunasikia kilio kilekile: mtu karudi kutoka Mombasa au Tanga, anawasha gari, kimya. Betri imekufa, na hela ya kutuma nyumbani inaishia dukani Sanaiya. Kwa anayelipwa kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, hilo si pigo dogo.

Inakufaje na gari limelala? Gari lililozimwa bado linakula umeme kidogo: alamu, saa, kompyuta. Tuseme miliampia 30. Kwa siku 60 za likizo ni kama ampia-saa 43, na betri nyingi za gari dogo ni za 45 tu. Joto la hapa nalo, linalopita nyuzi 40 wakati wa kiangazi, linaichosha. Betri iliyoisha kabisa, hata ukiichaji, hairudi kama zamani.

Dawa ni swichi ya kukatia betri. Inafungwa upande wa hasi (−), maana hapo spana ikigusa bodi hakuna shoti.

1. Zima gari, toa ufunguo, vua pete na saa ya chuma. Subiri dakika chache.
2. Legeza nati ya hasi kwa spana, mara nyingi ni namba 10, kisha chomoa waya.
3. Vika swichi juu ya kichwa cha hasi, halafu bana waya wa gari kwenye swichi. Kaza sawasawa, ikilegea itapata moto.
4. Nyaya zote za hasi zipite kwenye swichi. Ukiongeza waya, uwe mnene kama ule wa mwanzo. Stata huvuta zaidi ya ampia 100, waya mwembamba utaungua.
5. Jaribu: ukikata, taa zisiwake, ukirudisha, gari liwake. Hakikisha boneti inafunga bila kuigusa swichi.

Usikate kamwe injini ikiwa inaunguruma, utaharibu alteneta na kompyuta. Ukishakata, rimoti haifanyi kazi, kwa hiyo jaribu mapema kama ufunguo wa kawaida unafungua mlango. Gari lenye kifaa cha kupima betri kwenye waya wa hasi, mwachie fundi umeme. Na wewe dereva wa nyumba, gari la bosi usiliguse bila ruhusa yake.

Sasa tuseme ukweli: kama unasafiri mara moja kwa mwaka, swichi huihitaji. Fanya hatua ya 1 na ya 2, funika ncha ya waya kwa kitambaa kikavu, uiweke mbali na betri. Gharama ni spana moja tu. Riyali inayobaki, itume kwa mama.