Chuo cha Tudor kisiache ufundi uliokizaa

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor, kimebeba majina matano tangu hati yake ya kwanza ilipotolewa Mei 1948. Kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, MIOME, baada ya mashauriano ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na serikali ya kikoloni. Sultani Khalifa bin Haroub alitoa fedha, Aga Khan akatoa, na Mabohora wa Afrika Mashariki nao wakachanga. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Ingawa jina lilitaja dini, wachangiaji hawa hawakuwa wakijenga madrasa, wala shule ya kutoa makarani. Walitaka vijana wa Kiislamu, ambao wengi wao walibaki nyuma kwa kuwa shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisheni, wapate ujuzi wa mikono na hesabu katika mji wa bandari na reli. Huo ndio msingi wa chuo, na ndio unaostahili kulindwa leo.

Mwaka 1966 kikawa Taasisi ya Kiufundi ya Mombasa, na 1972 kikapandishwa kuwa chuo anuwai. Mabadiliko hayo mawili yalipanua mlango bila kugusa kazi yenyewe. Ya baadaye ni ya namna nyingine. Mwaka 2007 kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akakikabidhi hati ya chuo kikuu kamili. Hapo mizani ya kukipima ilibadilika. Chuo kikuu hupimwa kwa shahada, uzamivu na makala za utafiti. Mhadhiri hupanda cheo kwa alichochapisha. Fundi mitambo hodari aliyemlea karakanani hahesabiwi popote. Hakuna aliyeamua kuua ufundi, lakini mfumo unaotuza kitu kimoja hukinyima kingine chakula.

Watetezi wa hadhi mpya wana hoja nzito. Kabla ya 2007, kijana wa Pwani aliyetaka shahada ya uhandisi hakuwa na budi kwenda bara, na gharama hiyo ilizizidi familia nyingi. Hilo ni kweli, na sidai shahada ifutwe. Wengine husema pengo la mafunzo ya ufundi limezibwa na chuo anuwai cha kitaifa kilichotokana na taasisi nyingine ya kiufundi mjini humo. Ila eneo linaloanzia Vanga hadi Lamu haliwezi kutegemea lango moja, na karakana za Tudor zina miongo ya uzoefu ambayo haihamishiki kwa agizo la serikali. Tena chuo bado kinatoa vyeti na stashahada pamoja na shahada. Hiyo ndiyo nguvu yake, si mabaki ya enzi iliyopita.

Pingamizi gumu zaidi ni la ajira. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi yake 2013, mwaka uleule wa hati. Kwa nini basi kufunza mafundi? Kwa sababu kazi imehama, haikufa. Kituo cha pili cha makontena kilifunguliwa bandarini 2016, reli mpya ikaanza kubeba abiria 2017, na gati la kwanza la Lamu likaanza kazi 2021. Kreni, mota na mifumo ya umeme ya sehemu hizo huhitaji wahandisi wachache na mafundi wengi wanaowasaidia, na nchi inayozalisha wengi wa kundi la kwanza na wachache wa la pili italazimika kuwaajiri wageni.

Kwa hiyo baraza la chuo lianze na mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wake: kazi ya karakanani ihesabiwe mwalimu anapoomba cheo, na mwenye stashahada akubaliwe kuendelea na shahada bila kurudishwa mwaka wa kwanza kusoma alichokwisha kukifanya kwa mikono yake.