Figo zikishindwa, mifupa nayo inadhoofika: tuelewe yanayowapata ndugu zetu wa dialize

Swali hili limekuwa likirudi katika makanisa yetu. Baba shemasi fulani anaumwa figo, anasafishwa damu kwa mashine, tena alikuwa ameanza kupata nguvu. Halafu siku moja anateleza kidogo mlangoni, na mguu unavunjika. Watu wanauliza: figo ziko mgongoni, mguu uko chini, mambo haya mawili yanaunganika namna gani? Jibu likikosekana, wengine wanajaza nafasi na maneno ya ulozi. Wanaanza kutafuta ni nani katika jamaa aliyemfunga mgonjwa, na mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa bibi yake ama kwa mama mkwe. Tumeona nyumba zikitikisika kwa maneno ya namna hiyo, na hakuna hata moja lililokuwa la lazima. Jambo hili lina maelezo, na waganga wa figo wanalijua tangu zamani.

Sisi wachungaji tulizoea kufikiri kwamba figo ni za kutoa mkojo, basi. Kumbe zina kazi nyingine ya kimyakimya inayohusu mifupa. Vitamini D tunayoipata kwa jua inapitia ngozi, kisha ini, na mwisho inamalizikia katika figo. Ni hapo ndipo inapata nguvu ya kusaidia tumbo kuchukua kalsiamu kutoka katika chakula. Figo pia ndizo zinatoa fosfori iliyozidi. Zikishindwa, mambo mawili yanatokea pamoja: vitamini D haikamiliki, na fosfori inajaa katika damu. Kalsiamu ya damu inaanza kushuka.

Moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila kalsiamu hiyo, kwa hiyo mwili unatafuta njia nyingine. Shingoni, nyuma ya tezi kubwa, mko tezi ndogo 4, kila moja kama punje ya mchele. Zinatoa homoni inayoitwa PTH, na homoni hii inaagiza mifupa iachilie kalsiamu yake. Mifupa ndiyo ghala: zaidi ya 99 kwa mia ya kalsiamu yote ya mwili imewekwa humo. Ghala likifunguliwa siku chache, hakuna shida. Lakini kwa mgonjwa wa figo linafunguliwa mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayerudisha. Mfupa kwa nje unaonekana mzima, lakini ndani umekuwa kama mti ulioliwa na mchwa.

Wengine watasema: lakini dialize si ndiyo inafanya kazi ya figo? Inafanya sehemu tu. Kawaida mgonjwa anakaa kwenye mashine masaa 4, mara 3 kwa juma; hiyo ni masaa 12, na juma lina masaa 168. Kikao kimoja kinaweza kutoa miligramu 800 mpaka 1000 za fosfori, na chakula cha kawaida cha siku moja kinaleta karibu kiasi hicho hicho. Hata kama si yote inayoingia katika damu, vikao ni 3 na siku za kula ni 7. Tena wako kwetu ambao wanapata vikao 2 tu kwa sababu ya pesa ama barabara. Na mashine haitengenezi vitamini D.

Historia yenyewe inaonyesha kwamba mifupa ilileta shida tangu mwanzo. Willem Kolff alitengeneza mashine yake Uholanzi mwaka 1943, wakati wa vita. Mwaka 1960 Belding Scribner, kule Seattle, Marekani, alipata njia ya kumrudisha mgonjwa kwenye mashine mara nyingi bila kuharibu mishipa kila mara, na hapo watu wakaanza kuishi miaka mingi na dialize. Ni kuishi huko kulikofunua shida ya mifupa. Katika miaka ya 1970, mji wa Newcastle, Uingereza, wagonjwa wengi walikuwa wanavunjika mifupa ovyo, na ikagunduliwa kwamba aluminiamu iliyokuwa katika maji ilipita mashineni na kuingia mwilini. Kikao kimoja kinakutanisha damu ya mgonjwa na maji ya lita 120 hivi. Ndiyo maana kituo chochote cha dialize kinahitaji mtambo wake wa kusafisha maji. Jamaa wana haki ya kuuliza juu ya maji hayo, kwa heshima.

Leo waganga wanajua pia kwamba mfupa unaweza kuharibika kwa njia mbili zinazopingana. Kuna mfupa unaobomolewa upesi kwa sababu PTH imezidi. Kuna pia mfupa uliolala: PTH imeshushwa sana, na mfupa haujirekebishi tena, nyufa ndogo zinabaki bila kuzibwa. Kwa sababu hiyo, kwa mtu wa dialize hawatafuti PTH ya kawaida. Mwongozo wa kimataifa unakubali ikae kati ya mara 2 na mara 9 ya kiwango cha juu cha mtu mzima. Kwa hiyo mgonjwa akileta karatasi ya labo yenye namba kubwa, jamaa wasiogope kabla ya kusikia daktari.

Ongeza kuanguka. Mtu akitoka kwenye mashine, tensheni inaweza kushuka na kizunguzungu kikamshika. Misuli imepungua, na wengi wana kisukari kilichoharibu hisia za miguu na macho. Hesabu zilizofanywa Marekani zilionyesha kwamba watu wa dialize wanavunjika nyonga karibu mara 4 kuliko watu wengine wa umri wao. Na nyonga si jambo dogo: katika tafiti za huko, karibu nusu yao ama zaidi hawakumaliza mwaka mmoja. Kwa hiyo mtu wa kumshika mkono ndugu anaposhuka kwenye teksi baada ya kikao anaweza kuokoa maisha. Hilo linaweza kupangwa na akina mama wa kanisa bila pesa yoyote.

Juu ya chakula, kanuni za hospitali mara nyingi zinaandikwa kwa watu wa Ulaya. Kwetu tuangalie kwanza samaki wadogo wakavu, sambaza na ndagala, tunaowala na mifupa yao: wana fosfori nyingi sana. Soda nyeusi za kola, sosiso na nyama za kopo zina fosfori iliyoongezwa kiwandani, na hiyo inaingia damuni karibu yote. Maharagi yana fosfori pia, lakini sehemu yake haichukuliwi na tumbo. Hata hivyo yana potasiamu, kama sombe na ndizi, na hiyo inaweza kusimamisha moyo. Kwa hiyo kipimo chake kiulizwe kwa mganga. Kuchemsha mboga na kumwaga maji ya kwanza kunasaidia.

Dawa zinazozuia fosfori lazima zinywewe pamoja na chakula, siyo masaa mawili baadaye, kwa sababu zinashika fosfori tumboni kabla haijapita. Tumekutana na wagonjwa waliokuwa wanazinywa asubuhi kabla ya kula, hivyo hazikuwa na kazi. Wala mtu asijinunulie vidonge vya kalsiamu sokoni akidhani anajenga mifupa. Kalsiamu ikizidi inakwenda kushika kwenye mishipa ya damu na moyo. Kuna pia sindano ya mifupa inayoitwa denosumab, ambayo kwa wazee wengine ni nzuri. Kwa mtu wa dialize inaweza kushusha kalsiamu kiasi cha kuua, na Marekani ilitoa onyo kali juu yake Januari 2024.

Maumivu mapya ya mgongo, mbavu ama nyonga yapigiwe picha, hata kama mtu hakuanguka. Mgonjwa asipelekwe kwanza kwa wanaokanda na kuvuta mifupa. Mfupa dhaifu unaweza kuvunjika mara ya pili mikononi mwao, na kwenye mashine wengi wanapewa dawa inayozuia damu kuganda.

Lakini linalotusumbua zaidi ni nabii anayemwambia mgonjwa kwamba amepona, aache mashine. Kuomba na kwenda kwenye dialize havipigani, na mtu asiyekuwa tena na figo anaweza kufa ndani ya siku chache akiacha. Kama kuna ndugu wa namna hiyo katika kanisa lenu, mzee wa kanisa amtembelee leo, siyo Jumapili. Na katika maombi asilazimishwe kupiga magoti juu ya saruji. Apewe kiti chenye mikono, karibu na mlango, mahali ambapo hatakanyaga nyaya za vyombo vya muziki.