Nyuma ya Kamusi, Kaburi la Mama

Katika soko la Chepilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira, mwanamke akishajifungua huanza kupokonywa jina lake. Mkipsigis humwita Kobot, akaongeza jina la mtoto. Mgusii humwita ng'ina fulani. Nasi katika Kiswahili twasema Mama Fulani. Mumewe akiwa mhubiri, huvikwa jina jingine juu ya hilo: Mama Mchungaji. Sisi wanaisimu huyahesabu majina hayo kuwa ya heshima, na ndivyo yalivyo. Hata hivyo, heshima hiyo ina gharama yake. Siku ya mazishi, aghalabu vijana hawalijui jina ambalo marehemu alipewa na wazazi wake.

Kusahau huku si kwa Chepilat pekee. Kila mwanafunzi wa Kiswahili amepata kulisikia jina la Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza. Sarufi yake ilichapishwa Tübingen mwaka 1850, na kamusi yake London mwaka 1882. Je, msomaji mpendwa, ni wangapi kati yetu wanaomjua Rosine Dietrich?

Rosine aliolewa na Krapf huko Misri mwaka 1842, wakashika njia ya Habeshi. Mtoto wao wa kwanza, wa kike, alizaliwa nyikani kabla ya siku zake kutimia, akafariki. Baba yake alikuwa amembatiza Eneba, yaani chozi. Mwaka 1844 walifika Zanzibar, kisha Mombasa. Tarehe 8 Juni mwaka huo Krapf alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyiddin. Majuma matano baadaye, tarehe 13 Julai, Rosine alifariki kwa homa, siku chache tu baada ya kujifungua binti wa pili. Krapf mwenyewe alikuwa taabani kwa homa hiyo hiyo. Kisha kitoto nacho kikamfuata mama yake. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Krapf aliliandikia shirika lake kwamba kaburi hilo lilikuwa ishara ya kuanza kwa kazi yao katika Afrika Mashariki. Ni maneno ya imani kubwa, lakini tazama yanavyomgeuza Rosine kuwa alama ya njia katika safari ya wengine. Naye Emma, mke wa Johannes Rebmann, aliyefariki mwaka 1866, hutajwa kwa nadra zaidi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sarufi na kamusi zetu zaelea. Baadhi ya waliotoa mbao hatuwataji.

Katika nchi hii ya chai, misheni za Litein na Tenwek zililea wahubiri wengi. Nyuma ya mhubiri alikuwapo mwanamke aliyepokea wageni bila taarifa, aliyewazuru wagonjwa, aliyelea watoto wakati baba yuko safarini, na asiyekuwa na mshahara wala cheo. Huenda mtu akasema kwamba akina mama hao walimtumikia Mungu na hawakutafuta sifa. Ni kweli. Lakini unyenyekevu wa mtoaji haumpi mpokeaji ruhusa ya kusahau.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Chepilat na kwingineko. Wapeni wanafunzi zoezi moja la insha: kila mmoja amwendee mama mzee wa kanisani au wa kijijini, amwulize jina lake kamili, alikozaliwa, watoto aliowazika na aliowalea, na kazi alizozifanya ambazo hazikuandikwa popote. Ayaandike katika lugha atakayoitumia mama huyo, kisha kwa Kiswahili. Wengi wao umri umewapita, na daftari halihojiani na kaburi.