Sheria za Mazingira Kenya: Nani Aruhusiwe Kushtaki? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulitazama jinsi leseni ya mazingira inavyotolewa. Leo tuulize: ikitolewa vibaya, nani anaweza kuipinga?

Mwaka 1989 jibu lilikuwa la kuhuzunisha. Jumba la orofa 60 lilipangwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kulizuia, na kesi yake ikatupwa. Mahakama haikupima kama jumba lile lingedhuru bustani. Ilisema tu kwamba yeye hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha hasara iliyompata binafsi. Bustani ya umma ikawa haina mtetezi mbele ya sheria. Iliokolewa na kelele za wananchi na wafadhili wa mradi waliojiondoa.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 ilirekebisha jambo hilo. Kifungu cha 3 kinamruhusu mtu yeyote kushtaki hata kama yeye mwenyewe hajapoteza chochote, na Katiba ya 2010 ikaitia nguvu haki hiyo katika Kifungu cha 70. Mimi nayaona maneno hayo machache kuwa na thamani kuliko faini zote zilizoandikwa humo.

Matunda yake yalionekana Lamu. Mwaka 2016, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitoa leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi. Wakazi, wanaotegemea uvuvi na mikoko, walikata rufaa. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira liliifuta leseni, likieleza kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kumpitisha mtu katika mkutano si kumshirikisha: anahitaji kupewa ripoti mapema, kwa lugha anayoielewa, na maoni yake yajibiwe.

Lakini marekebisho huweza pia kurudi nyuma. Muswada wa 2021 ulitaka kuondoa Kifungu cha 34(2A) katika sheria ya misitu ya 2016, kinachotaka maombi ya kubadili mipaka ya msitu yachujwe kabla ya kufika Bunge la Kitaifa. Ulikuwa mstari mmoja tu wa kufutwa, ila vyanzo vya maji vingebaki wazi kwa yeyote mwenye tamaa ya ardhi. Watetezi wa misitu waliupinga vikali, na haukupita.

Palipobaki kasoro ni muda. Rufaa hupelekwa kwa Jopo ndani ya siku 60. Mvuvi wa kisiwani huenda akajua kuna leseni siku tingatinga linapoanza kung'oa mikoko, na siku zimekwisha. Nataka Bunge liseme wazi kwamba hesabu ianze pale wakazi wanapoarifiwa, si pale karatasi inapotiwa saini Nairobi.