Mwanao anaruka chini? Mhesabie hatua

Mazoezi ya UMITASHUMTA yakianza, watoto hurudi nyumbani na mchanga kwenye soksi na lalamiko lilelile: "Nimeruka mbali, mwalimu akasema faulo." Wengine hukata tamaa hapohapo, wakidhani hawana miguu ya kuruka. Mara nyingi tatizo ni hatua za kukimbilia.

Ubao wa kurukia una upana wa sentimita 20, na ukingo wake wa mbele hauvukwi. Mtoto asiyepima hatua hufika akiukodolea macho, anapunguza mwendo, na mruko unaharibika kabla hajaruka. Umbali hutokana na mbio. Carl Lewis wa Marekani, aliyetwaa dhahabu ya mchezo huu katika Olimpiki nne mfululizo kuanzia 1984 hadi 1996, alikuwa pia bingwa wa mita 100.

Kupima hatua kunawezekana hata kwenye njia ya mtaani. Kwanza jua mguu wa kurukia: ni ule anaoukanyagia akivuka mfereji. Auweke kwenye mstari uliochorwa chini, kisha akimbie kwa nguvu kama siku ya mashindano. Mzazi ahesabu hatua 10 na kuweka kandambili mguu huo ulipotua. Rudieni mara nne au tano. Alama zikikaribiana, hapo ndipo pa kuanzia. Sasa akimbie kuelekea mstarini, macho mbele, bila kuutafuta. Akiuvuka kwa nusu futi, kandambili irudi nyuma nusu futi.

Anaporuka, goti la mguu mwingine lipande kwa nguvu. Akitua, visigino vitangulie na mwili uvifuate mbele. Umbali hupimwa hadi alama iliyo karibu zaidi na ubao, hivyo anayeangukia mkono nyuma hupoteza sentimita alizozitolea jasho. (Zile mbwembwe za kutembea hewani za wakubwa ziacheni kwanza, haziongezi umbali wa mtoto anayejifunza.)

Ila kabla ya yote, mzazi afike shuleni aushike mchanga. Mvua ikishanyesha na jua kuwaka, shimo hugeuka sakafu, na kifundo cha mguu au mkono huvunjika hapo. Lichimbuliwe kwa jembe kila kabla ya mazoezi, mawe na chupa zitolewe, na reki iwekwe mbali na shimo, meno yakiangalia chini. Kama shule haina jembe la ziada, la nyumbani linatosha kwa asubuhi moja.